Kofia Kichwani, Chini Peku

Maneno hayo si yangu. Nilipewa na utingo mmoja wa lori, miaka michache iliyopita, kwenye njia inayotoka Mto wa Mbu kwenda Ngaresero, kule Ziwa Natron. Ilikuwa saa saba mchana. Tairi ya nyuma kushoto ilikuwa imechanika ubavuni, mpasuko wa kupitisha vidole vitatu, na gari lilikuwa limelalia upande huo kama ng'ombe aliyekataa safari. Lori likasimama. Utingo akashuka, mguu mmoja kandambili ya bluu na mwingine nyekundu, akalizunguka gari langu mara mbili bila kusema kitu. Akatazama keria, hema, madumu, taa nne za duara. Kisha akainama, akachungulia chini. Aliponyanyuka akasema: "Mzee, gari lako limevaa kofia ya maana. Lakini chini liko peku."

Nilitaka kukasirika, ila nilikuwa nahitaji jeki yao.

Gari lenyewe ni lile ambalo Tanzania nzima inalijua kwa jina la shangingi. Kwenye kadi limeandikwa Toyota Land Cruiser Cygnus la mwaka 2003, pacha wa kuzaliwa wa Lexus LX 470. Japani waliliuza kwa jina moja, Marekani na nchi za Ghuba kwa jina la pili. Lina injini ya petroli ya V8 yenye lita 4.7, viti vya ngozi, na kitufe kinachopandisha na kushusha bodi lote kwa nguvu ya mafuta, kama kiti cha kinyozi. Neno shangingi hutumika pia kwa mwanamke anayejipamba na kutaka aonekane amejipamba, na yule aliyeliazima akalibandika kwenye magari haya alikuwa na jicho.

Enzi zake shangingi lilikuwa la waziri, la mkurugenzi, la balozi au la mradi wa wafadhili. Mizengo Pinda, alipokuwa Waziri Mkuu, aliyasema magari haya hadharani kwa ughali wake. Sasa yamezeeka. Toyota ilitengeneza kizazi hiki cha 100 kuanzia 1998 hadi 2007, kwa hiyo hata kitinda mimba wake anakaribia miaka ishirini. Yanauzwa mnadani, yanauzwa na warithi, yanauzwa na watu waliochoka kupeana mikono na wahudumu wa kituo cha mafuta. Bei imeteremka mpaka imemfikia mtu wa mkopo wa SACCOS kama mimi. Ndipo likazuka hili la kuyavalisha kwa ajili ya porini: keria, ngao ya mbele, mkonga, winchi, hema la juu, taa za kumulika mpaka kijiji cha pili.

Wazo lenyewe nalipenda. Mtu wa kipato cha kawaida kupata gari lenye chesi ya kweli, difu ya kati inayofungwa, gia ya chini kwa ajili ya mlima na matope, na bado watoto wakalala nyuma kwenye kiyoyozi, ni jambo jema. Ugomvi wangu uko kwenye pa kuanzia. Tunaanzia juu, kwenye kuonekana, kisha pesa inaisha kabla hatujafika chini, mahali gari linapokutana na ardhi. Nasema tunaanzia kwa sababu na mimi nilianzia hukohuko.

Hesabu niliyopaswa kuifanya kabla ya kutoa hata shilingi moja ni ya uzito, na haitaki mhandisi. LX 470 likiwa tupu lina uzito wa tani mbili na nusu, na kwa takwimu za kiwandani linaruhusiwa kubeba, watu na mizigo pamoja, chini kidogo ya kilo 600. Chukua karatasi. Watu wazima wanne, tuseme kilo 300. Keria ya chuma iliyochomelewa mtaani, 45. Hema la juu, 60. Tairi ya akiba ya pili na rimu yake, 35. Madumu mawili ya petroli, 40. Mawili ya maji, 42. Ngao ya chuma mbele, 60. Winchi iliyojificha ndani ya ngao, 40. Jumla 622, na hapo hatujaweka hata kilo moja ya mchele, jiko la gesi, sanduku la spea, wala lile begi la mama watoto ambalo halijadiliwi. Gari limeshapita kiwango likiwa bado uani.

Halafu angalia uzito huo umekaa wapi. Kilo 220 na ushei ziko darini. Gari refu lenye mzigo kichwani, likipita kwenye korongo huku limeinama upande, linakuwa kama mwanamke aliyetwishwa ndoo iliyojaa akaambiwa apite kwenye ubao. Anaweza, lakini hana nafasi ya kujikwaa. Kilo 100 nyingine ziko mbele ya ekseli ya mbele, mahali pabaya kuliko pote, kwa sababu zinafanya kazi kama mzani: zinabonyeza mbele na kuunyima mguu wa nyuma utulivu.

Petroli niliyoibeba juu nayo haikuwa na kazi. Tangi la gari hili linachukua lita 96. Mto wa Mbu kwenda Ngaresero ni kama kilomita 120, kwenda na kurudi 240. Kwa njia ile mbovu linakula lita moja kwa kilomita nne, basi safari nzima lita 60. Kama umejaza Mto wa Mbu, unarudi na zaidi ya theluthi moja ya tangi. Nilibeba lita 40 za petroli kichwani, juu ya watoto wangu, kwa sababu madumu yalikuwa yanapendeza kwenye picha.

Nadhani mtindo huu tuliurithi kutoka kwenye picha. Mashindano ya Camel Trophy yalipita Tanzania hadi Burundi mwaka 1991, kwa Land Rover Discovery za rangi ya njano zilizosheheni juu mpaka zikafanana na maduka ya vyombo. Picha zile zilikaa kwenye kuta za gereji nyingi. Kisichoonekana kwenye picha ni kwamba ndani ya magari yale kulikuwa na fremu ya mabomba ya chuma, na kwamba yalikuwa na kazi ya wiki chache tu kisha basi. Sisi tunataka gari lilelile litupeleke porini Desemba, na Januari lipeleke watoto shule.

Turudi chini ya gari, kwenye kosa langu la pesa nyingi.

Nililinunua gari Dar es Salaam kwa mtu wa tatu kulimiliki. Lilikuwa linagonga. Kwenye kila shimo lilipiga kama mkokoteni. Nikalipeleka kwenye gereji moja niliyosifiwa, ambayo sitaitaja, nikaambiwa mfumo wa kupandisha na kushusha umekufa, "hizi mambo za umeme toa zote, tukufungie shokapu za kawaida." Nikakubali. Walitoa pampu, walitoa mabomba, walifunga shokapu mpya, wakanipa gari. Kwa siku mbili nilifurahi. Siku ya tatu niliweka mifuko minne ya saruji nyuma, na gari likakaa chini kama mbwa anayesubiri mfupa.

Nimechukua muda kuelewa kilichotokea, na naona ni vizuri kukieleza kwa sababu kosa hili linafanyika kila wiki. Katika gari hili springi hazibebi mzigo peke yake. Mbele kuna zile fimbo za kujisokota ambazo mafundi wanaziita tosheni, nyuma kuna koili, na juu ya hizo kuna mafuta yenye mgandamizo yanayobeba sehemu ya uzito. Kwa kuwa mafuta yanasaidia, kiwanda kiliweka tosheni na koili laini kuliko zile za Land Cruiser VX ya kawaida, isiyo na mfumo huu. Ukiyaondoa mafuta ukaacha springi zilezile, umemwondoa mbebaji mmoja kati ya wawili, na aliyebaki ndiye mnyonge. Shokapu hata ingekuwa ya dhahabu haibebi gari. Kazi yake ni kutuliza mrusho.

La kuudhi zaidi ni kwamba huenda hata kutoa hakukuwa na haja. Mfumo ule una matufe manne ya chuma, moja kwa kila gurudumu. Ndani ya kila tufe kuna kiwambo cha mpira, upande mmoja mafuta, upande mwingine gesi ya naitrojeni. Gesi ndiyo inayolifanya gari lielee. Miaka ikienda gesi inavuja polepole, na gari linaanza kugonga. Si kosa la mtu. Mpira ni mpira, na miaka ishirini ni miaka ishirini.

Kuna kipimo ambacho hakihitaji mashine yoyote. Lipandishe gari juu kabisa, fungua boneti, soma alama kwenye kichupa cha mafuta ya mfumo. Lishushe mpaka chini, soma tena. Mafuta yanarudi kichupani, kwa hiyo kiwango kinapanda. Tofauti ikiwa karibu na alama 14, matufe ni mazima. Ikiwa imeshuka kufikia saba au nane, gesi imekwisha, badilisha matufe, mambo mengine yote yako sawa. Ni dakika tano. Hakuna aliyenipimia, na mimi sikujua kuuliza.

Kwa hiyo siku ile ya utingo mambo yalikuwa hivi: springi nyonge, mzigo juu ya kiwango, na tairi za mjini. Hizi za mwisho ndizo zilizotuangusha.

Cygnus la mwaka ule linavaa rimu za inchi 18 na tairi za 275/60. Maana yake ubavu wa tairi, kutoka rimu hadi ardhini, una milimita 165. Kizazi hichohicho cha miaka ya mwanzo kilivaa rimu za inchi 16 na tairi za 275/70, ubavu wa milimita 192. Mtu wa mjini atasema milimita 27 ni unene wa kidole gumba, kuna nini hapo? Kuna kila kitu. Ubavu ndio mto wa tairi. Ukipunguza upepo, ubavu mrefu unatanuka, tairi inalishika jiwe na kuliviringikia. Ubavu mfupi unabanwa kati ya jiwe na rimu, unakatwa kama nyanya. Na njia ya Natron ina mawe ya volkano yenye makali, maana Ol Doinyo Lengai iko palepale, na haijawahi kuwa na adabu.

Upepo nao. Nilitoka Arusha na upepo 36 kwenye tairi zote, nikaingia nao kwenye changarawe, nikaendelea nao kwenye mawe. Njia ya vumbi ina yale mawimbi madogo madogo yanayotikisa mpaka meno, na dawa yake ya kwanza ni kushusha upepo hadi 26 au 28 na kupunguza mwendo. Kwenye mchanga mwingi unateremka hadi 16 au 18. Ukirudi lami unajaza, la sivyo tairi inachemka na kupasuka. Kipima upepo na kompresa ndogo ya kuchomeka kwenye betri ni vitu viwili ambavyo jumla yake haifiki bei ya taa mbili kati ya nilizofunga. Sikuwa navyo. Nilikuwa na taa nne, nasi tulikuwa tunasafiri mchana.

Pancha ya kwanza ilitupata kabla ya Engaruka, tukashusha tairi ya juu ya keria watu wawili, mmoja akiwa amesimama kwenye tairi ya nyuma na mwingine akiipokea kifuani. Ya pili ndiyo hii ya saa saba. Tairi ya akiba iliyobaki ilikuwa mahali pake, imening'inia kwa mnyororo chini ya mkia wa gari. Kwa kuwa springi zilishalala na tairi imeisha upepo, mkia ulikuwa karibu kugusa ardhi. Tairi ilishuka kwenye mnyororo, ikagota chini, ikakataa kutoka. Jeki yangu, iliyokuwa chini ya mizigo yote, tulipoipata ilizama kwenye vumbi kama kijiko kwenye uji.

Utingo alileta jeki ya lori na kipande cha ubao. Kisha akaniuliza nimpe koleo, tuchimbe chini ya tairi ya akiba ipate nafasi ya kutokea. Hapo ndipo nilipotazama ile keria. Katika vyote nilivyonunua, na vilifika mamilioni, hakukuwa na koleo. Tulichimba kwa sufuria ya wali.

Ilituchukua saa moja na nusu. Vijana watatu wa Kimasai walikuja, wakakaa kwenye kivuli cha lori, wakatazama kazi kwa utulivu wa watu walioshaona mengi. Mmoja aliomba maji, akapewa, akasogea kushika sufuria kwa zamu. Utingo alipokea elfu kumi na chupa mbili za maji, akaruka juu ya lori. Siku hiyo hatukufika Natron.

Niliporudi Arusha nilikaa na lile neno la peku wiki nzima. Baadaye nikakutana na habari ya zamani iliyonifariji kidogo, maana ilinionyesha kwamba hata jeshi la Uingereza liliwahi kuingia mkenge huohuo.

Range Rover ilitoka mwaka 1970. Wengi wanadhani lilizaliwa la kifahari, kumbe lile la kwanza lilikuwa na viti vya plastiki, na ndani ulikuwa unaosha kwa mpira wa maji. Anasa ilikuja baadaye. Mwishoni mwa 1971 msafara wa jeshi ulioongozwa na John Blashford-Snell uliondoka Alaska na Range Rover mbili, kusudi zifike ncha ya kusini kabisa ya Amerika. Katikati kuna Pengo la Darién, kati ya Panama na Kolombia, msitu na kinamasi kisicho na barabara, wakati ule kama kilomita 400. Kwa ajili ya kinamasi magari yalivalishwa tairi pana mno. Yalikuwa pia yamesheheni. Difu za nyuma zikaanza kupasuka.

Fundi yeyote wa Unga Limited, hapa Arusha, angekwambia kwa nini. Tairi kubwa ni kama mpini mrefu: inaongeza nguvu inayorudi kwenye difu kila gurudumu linaponasa na injini ikaendelea kusukuma. Difu haikuandaliwa kwa mpini huo. Ikabidi difu nyingine ziletwe kutoka Uingereza, na magari yarudishiwe tairi za kawaida. Wakati huo gari lililotangulia kufungua njia lilikuwa Land Rover kuukuu, iliyonunuliwa mkono wa pili hukohuko Panama. Walivuka baada ya takriban siku 100. Kila ninapoona shangingi limevalishwa tairi za trekta pale Njiro, nakumbuka zile difu.

Fundi wangu wa pili ni mtu wa Unga Limited hasa. Maisha yake yote amekuwa akirefusha chesi na kunyanyua mapaa ya magari ya watalii, kwa hiyo uzito anaujua kwa mgongo. Nilipompelekea gari hakutazama injini kwanza. Alililaza juu ya shimo, akashika kila kiungo akikitikisa kwa nondo fupi: bushi, boljointi, tairodi, sivii jointi. Akaniita niingie shimoni. "Bosi, shika hapa." Nikashika bushi ya mkono wa chini. Mpira ulikuwa umekufa, ulibomoka kama mkate wa juzi. Akafungua difu ya mbele, oili ikatoka na rangi ya chai ya maziwa. Maana yake maji yaliingia, na yaliingia kupitia kipumulio kidogo kilichoziba, kitu cha ukubwa wa kifuniko cha kalamu. Difu ya moto ikiingia mtoni inapoa ghafla, inavuta pumzi. Kipumulio kikiwa kibovu, inavuta maji. Tulikiongezea kampira kirefu tukakipandisha mpaka kwenye boneti. Gharama yake sikumbuki, ilikuwa ndogo kiasi hicho.

Tosheni na koili za VX ya kawaida tulizipata kwenye gari lililogongwa. Bushi zote mpya. Rimu za inchi 16 za miaka ya mwanzo za kizazi hichohicho, tairi nene za njia mbovu, ukubwa uleule wa kiwandani, hata inchi moja sikuongeza. Mkanda wa taimingi, ambao kitabu kinataka ubadilishwe kila kilomita 150,000 na hakuna aliyeweza kuniambia ulibadilishwa lini, pamoja na pampu ya maji kwa kuwa ukishaufungua mkanda umeshaifikia na pampu. Rejeta ikasafishwa, hozi zote mpya. Oili ya injini, giaboksi, difu mbele na nyuma. Breki.

Ukilitazama gari baada ya kazi hiyo huoni kitu. Jirani yangu aliuliza kama nimeishiwa.

Watu wataniuliza kuhusu mkonga. Una faida, siubishii, hasa ya vumbi: unavuta hewa ya juu ambayo ina vumbi kidogo, na majivu ya Natron ni laini kama unga wa ngano. Lakini kupiga chujio la hewa kila jioni kunafanya sehemu kubwa ya kazi hiyo. Kwa maji, kina kikishafika mahali pa kuhitaji mkonga, gari zuri lenye nyaya na vidude vya umeme chini ya mazulia lina matatizo mengine kumi yaliyotangulia. Vuka kwa miguu kwanza. Kama hutaki kulowa magoti, na gari lako lisilowe.

Winchi inataka mti, na ukanda ule wa Natron miti unaihesabu. Watu wengi hawajawahi kuvuta kamba ya winchi yao hata kuijaribu. Bora kamba nene ya nailoni inayonyumbulika na gari la pili. Na hapa niseme kwa ukali kidogo: kamba hiyo ifungwe kwenye ndoano za chesi, kamwe isifungwe kwenye kile kichwa cha duara cha kuvutia trela. Kile kikikatika kinaruka kama risasi, na kimeshaua watu.

Kuna pia udongo wa mbuga, ule mweusi wa Katavi na Rufiji. Ukiwa mkavu ni barabara. Ukilowa unajaza tairi mpaka inakuwa donati, na hapo hakuna tairi, winchi wala maombi. Kifaa kinachofaa ni kiti cha kukunja na chupa ya chai. Jua la saa tano litafanya kazi yake.

Fundi wa kwanza alitaka pia tung'oe mazulia na viti vya ngozi, "liwe la kazi". Nilikataa, na katika maamuzi yangu yote ya mwanzo hilo ndilo pekee nisilolijutia. Kiti kizuri na ukimya wa ndani si mapambo. Dereva aliyekaa saa nane kwenye kiti kinachomtunza anaona shimo mapema kuliko aliyevunjika kiuno. Starehe ya gari hili ni sehemu ya uwezo wake porini, na ndiyo sababu ya kulinunua.

Najua jibu la wengi: ungenunua Land Cruiser mkonga yenyewe, ile ya 70 inayotengenezwa tangu 1984, yaishe. Ni kweli haina matufe wala vitufe. Lakini kila kampuni ya utalii, kila mradi na kila hospitali ya misheni inaitaka, kwa hiyo bei yake haizeeki. Kwa pesa ya mkonga iliyochoka nimenunua shangingi, nimelitengeneza chini kote, na nimebakiwa na petroli ya mwaka. Sawa, si ya mwaka. Kwa V8 ni ya miezi minne.

Tulirudi kwenye njia ya Natron Juni iliyofuata. Hema la kawaida la kufunga chini, mzigo wote ndani ya gari, mzito sakafuni na mwepesi juu. Koleo moja. Vipande viwili vya mbao ngumu kwa ajili ya jeki. Kamba, kompresa, kipima upepo. Baada ya lami kuisha nilishuka nikatoa upepo kwenye tairi moja baada ya nyingine, watoto wakihesabu kwa sauti, na njia ileile iliyokuwa ikitupiga ngumi ikawa inatusukumasukuma tu. Mahali pa sufuria tulipapita mwendo wa kilomita 40 kwa saa. Nilipunguza kidogo nikitafuta alama ya lile shimo. Upepo ulishalifukia. Ngaresero tulifika saa kumi, madereva wa watalii wamekaa chini ya mgunga wakicheza bao. Waliinua macho, wakaona shangingi la zamani lenye vumbi, wakarudi kwenye kete zao.

Keria iko uani kwangu, imewekwa juu ya matofali manne. Mama watoto anaanikia maharage juu yake, na kuku wamegundua kivuli cha chini. Juzi kijana mwenye Harrier aliiona akipita, akabisha hodi kuulizia bei. Nilimtajia. Akaizunguka, akapiga picha kwa simu, akauliza kama taa zake nne bado ninazo. Hakuuliza ina uzito gani.